Mfereji Uliovaa Gauni

Aliyenisimulia habari hii ni fundi cherehani mwenyewe, mvua za mwaka huu zilipoanza. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli yake nikingoja anipunguzie gauni. Mtaani wanamwita Mama Pacha. Nawaandikia kama alivyonipa, sikutia chumvi wala sukari.

Mama Pacha ana vyumba viwili kando ya mfereji wa maji ya mvua. Cha mbele ndicho cha kazi, na ndimo anamolala yeye na mumewe, mwokaji wa mikate. Cha nyuma kiko chini kidogo. Humo hulala mama mkwe wake pamoja na watoto pacha waliompa fundi jina.

Bibi huyo si mzigo. Mama Pacha akishona, bibi hutia vifungo na kukunja pindo kwa mkono. Tena huwachekesha wateja wasichoke kungoja. Mteja akilalamika kwamba gauni linabana, bibi humjibu, "Gauni halijapungua, mwanangu. Wewe ndiye umestawi."

Kila jioni Mama Pacha alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Alivizoa, akavimwaga mferejini.

"Nguo si plastiki," alizoea kusema. "Nguo inaoza."

Lakini mvua ikinyesha, maji ya mfereji hayakupita. Yalipanda, yakaingia chumba cha nyuma. Mara ya mwisho yalifika kwenye godoro. Asubuhi yake bibi alikuwa amekaa juu ya meza, kifua kikimkoroma.

"Mwanangu," alisema, "mimi si samaki. Maji yakiingia humu tena, nakwenda kwa binti yangu."

Binti yake anakaa mbali, safari ya kutwa nzima. Mama Pacha alihisi kama ameambiwa mkono wake mmoja unahama.

"Ni wale wa juu kule!" alifoka. "Chupa zao! Nepi zao!"

Alichukua ubao, akaandika kwa rangi nyekundu: MARUFUKU KUTUPA TAKA. Akausimamisha kando ya mfereji. Siku chache baadaye aliukuta umelazwa juu ya mfereji. Watu walikuwa wameufanya daraja, wanavuka huku wakikanyaga maandishi.

Alipiga kelele mpaka jirani yake akatoka. Jirani huyo huitwa Shangazi Ngoma. Anafundisha maigizo, na kundi lake huzunguka mitaani likicheza michezo ya afya na usafi.

"Shangazi, hebu wachezee mchezo watu hawa uwaaibishe!" alisema Mama Pacha.

"Mimi sichezi nisichokiona," alijibu Shangazi Ngoma. "Kundi langu halitungi neno kabla ya kugusa jambo lenyewe. Vaa buti na glavu, twende."

Walishuka hadi pale mfereji unapopita chini ya barabara. Wakaanza kuvuta kwa reki. Zilitoka chupa, ikatoka mifuko, zikatoka nepi. Lakini vyote vilikuwa vimefungwa pamoja kama kiota. Kilichovifunga ni vitambaa.

Mama Pacha aliacha kuvuta. Kile cha kijani alikijua, ni cha sare za shule. Na kile cha maua ya njano kilikuwa cha gauni la muuza maziwa. Gauni hilo alilishona mwaka juzi. Mwaka juzi, na maua bado ya njano!

"Mbona havijaoza?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mteja akikuletea kitambaa, unajuaje kama ni pamba?"

"Nachomoa uzi, nauchoma. Pamba hugeuka majivu laini, hunuka kama karatasi. Polista huyeyuka, ikaacha kitone kigumu."

"Haya, choma huo."

Mama Pacha alichomoa uzi wa maua ya njano, akaukausha, akawasha kiberiti. Uzi ulijikunja, ukayeyuka. Kilibaki kitone cheusi, kigumu kama mbegu.

"Polista ni ndugu wa chupa," alisema Shangazi Ngoma. "Baba yao mmoja, mafuta yanayochimbwa ardhini. Haiozi upesi. Hukatikakatika vipande vidogo visivyoonekana, vikachukuliwa na maji. Pamba huoza, lakini nayo ukiirundika mferejini itaziba kabla haijaoza."

Mama Pacha alikitazama kile kitone. Kazi yake ya kila siku ni kuchoma nyuzi, na bado hakuwahi kujiuliza.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikimlowanisha mama."

"Wewe na wenzako. Chupa hukuzishona wewe." Shangazi Ngoma aliegemea reki yake. "Je, bado unautaka mchezo?"

"Wakijua, nani ataniletea nguo?"

"Ubao wako uliwaambia wao ni wabaya. Mtu ukimwita mbaya, hufunga mlango. Akicheka, hufungua. Lakini hawatacheka nawe ikiwa umejificha nyuma ya pazia."

Mama Pacha alifikiri juu ya kile kifua kinachokoroma. "Basi cheza," alisema. "Na mimi niwemo."

Walivifua vile vipande kwa sabuni, wakavianika. Kisha Mama Pacha akaviunga, akashona gauni pana lisilo na mfano. Kwenye pindo alining'iniza chupa zilizooshwa. Shangazi Ngoma alitaka livaliwe na kijana wa kundi lake, lakini bibi alikataa.

"Nipeni mimi," alisema. "Huyo Mfereji nimelala naye chumba kimoja. Namjua anavyokoroma."

Jumamosi alasiri ngoma ililia mtaani. Bibi alitoka amevaa gauni lile, tumbo limejazwa mifuko hadi limefura. Alijikokota mlango kwa mlango, chupa zikigongana miguuni.

"Hodi! Mimi ni Mfereji wenu. Nimeshiba hadi hapa! Leo mmenipikia nini tena?"

Watu waliangua kicheko. Muuza maziwa alisogea, akashika upande mmoja wa gauni.

"Jamani! Haya si maua ya gauni langu?"

"Ndiyo yenyewe, mwanangu," alisema bibi. "Wewe umelivaa, mimi nimelimeza."

Bibi alifika mlango wa mwisho, wa nyumba yake mwenyewe. Ngoma ikanyamaza.

"Na wewe fundi," alisema, "umenilisha kuliko wote."

Mama Pacha alitoka na kizoleo chake mkononi.

"Ni kweli," alisema. "Kila jioni. Nilidhani vinaoza."

Aliwasha kiberiti, akawaonyesha uzi unavyoyeyuka. Watu walisogea kutazama. Wengine walichomoa nyuzi kwenye nguo zao, wakampa awachomee. Mara mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapaza sauti: "Nepi ni zangu mimi!" Kicheko kikarudi. Muuza soda naye akakiri chupa.

Shangazi Ngoma hakuwahubiria. Aliuliza tu, "Sasa huyu mgonjwa tumtibuje?"

Majibu yalitoka kwao wenyewe. Fundi vyuma aliahidi wavu wa kutega taka mdomoni mwa mfereji. Waligawana zamu za kuusafisha. Kila nyumba ilitenga gunia la taka la kuchukuliwa na mkokoteni.

Mama Pacha naye alibadilisha ukataji wake. Sasa hupanga vipande vyote juu ya kitambaa kwanza, ndipo akate, ili mabaki yawe machache. Mabaki makubwa huyaunga yakawa mikoba ya sokoni. Madogo huyajaza ndani ya mito. Ya pamba huchukuliwa na gereji kufutia mafuta. Na wateja hawakumkimbia. Wengine huja kuagiza mikoba.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha tangu mchana hadi giza likaingia. Mama Pacha alisimama dirishani. Maji yalijaa mferejini, yakakimbia, yakapita chini ya barabara yakaenda zake. Aliingia chumba cha nyuma, akapapasa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa kavu.

Pacha walikuwa wamelala. Bibi alikuwa akijifunika blanketi.

"Binti yangu amepiga simu," alisema bibi. "Anauliza nitafika lini."

Mama Pacha alimsogelea. "Ukamwambiaje, mama?"

"Nimemwambia sina nafasi, nina kazi. Mtaa wa pili wanamtaka Mfereji."

Mama Pacha alicheka mpaka akaketi kitandani kwa bibi. Bibi naye akacheka, akageukia ukuta, akapitiwa na usingizi. Mama Pacha alirudi chumba cha mbele. Mumewe alikuwa amelala zamani, maana mikate haimngoji mtu. Alizima taa, akajinyoosha, akasikiliza maji yakipita nje. Akalala kabla mvua haijakatika.