Ufunguo Usiokuwemo Kitabuni

Ndugu zangu wa Kibamba, asubuhi ile ilikuwa tulivu. Kidato cha tatu walikuwa kwenye kipindi cha fasihi. Mwalimu Gaspar alisoma riwaya hadi sura ya nne, pale familia inapohamia nyumba mpya, kisha akafunga kitabu.

"Tabirini kitakachofuata. Na ushahidi mtoe."

Wengi walitabiri harusi. Msichana mmoja, Eliaichi, aliandika: "Nyumba itaungua. Watoto hawatatoka. Baba ameondoka na ufunguo."

"Huo ufunguo umeuona ukurasa gani?" mwalimu aliuliza.

"Huyo kasoma kitabu cha kwao!" alidakia Alfonsi. Darasa likacheka.

"Haupo, mwalimu. Lakini si baba ndiye anaondokaga nao?"

Mwalimu hakucheka. Alimwita nje. "Kwenu sasa hivi yupo nani?"

"Wadogo zangu wawili. Wamefungiwa."

"Wanakula nini?"

"Uji. Mkubwa anaupasha kwenye gesi. Ana miaka sita."

Tusimhukumu haraka baba yao, Godlisten. Mkewe alifariki, na mwaka jana wezi waliingia kwake mchana, watoto wakiwa ndani. Alifunga kwa kuwapenda. Na nondo za madirisha ya nyumba yake nilizichomelea mimi, jirani yake, fundi wa vyuma.

Mwalimu na Eliaichi walinikuta karakanani. Mwalimu akampigia simu baba mtu. Nikachukua msumeno wa chuma, tukaenda.

Nyuso mbili zilitokea nyuma ya nondo. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Tufungulieni."

"Baba kakataza kumfungulia mtu."

"Na angeruhusu?"

Mkubwa akafikiri. "Ufunguo hatuna."

Nikaona pazia la jikoni limeungua pindoni. "Hilo je?"

"Juzi. Tulilimwagia uji. Usimwambie baba."

Godlisten alifika akihema. "Mwalimu, mie unakuja kunifundisha kulea?"

Mwalimu alimpa daftari la binti yake. Akalisoma akiwa amesimama. Akachungulia ndani, akaliona pazia. Akachomeka ufunguo, ukakosa tundu mara mbili.

Mlango ulipofunguka, aliwakumbatia wanawe. Kisha akaniambia, "Fundi, kata hilo dirisha."

Nilikata, nikaweka bawaba na komeo la ndani. Siku hizi wadogo wanashinda kwa jirani yetu, Mama Lulu, mpaka dada yao atoke shule.

Funzo

Kufuli linalomzuia mwizi humzuia na mtoto pia. Msiwafungie watoto peke yao. Akiwepo jirani kama Mama Lulu, muombeni awaangalie. Mtoto akisema jambo lisilo kitabuni, muulizeni amelitoa wapi. Na nyie mafundi wenzangu, kabla ya kuchomelea dirisha la mwisho, ulizeni wa ndani watatokea wapi. Mie sikuuliza.