Mtandao Uliopewa Jina la Marehemu

Kazi yenyewe ilikuwa ya kumaliza kabla ya chai. Kushusha antena ya zamani juu ya duka la Mama Getruda, kupandisha mpya yenye nguvu, kisha kuvuka uwanja na kufanya vivyo hivyo juu ya gesti yake, ili wageni wapate intaneti vyumbani na waache kujazana dukani na simu mkononi kama ombaomba. Kutoka paa hili hadi paa lile hata kuku hachoki. Lakini jua la Mugeta lilikuwa linazama, ng'ombe wanarudi, na Magige, fundi kutoka Bunda, alikuwa bado juu ya bati, akitukana kimoyomoyo.

Antena zilikuwa zinaonana. Zinashikana, taa zinawaka. Halafu zinaachana.

Zinashikana... zinaachana.

Chini alisimama Mama Getruda, mikono kiunoni. Mjane yule hakuwa na tabia ya kumsifu mtu, na siku hiyo hakuona sababu ya kuanza.

"Fundi, ile ya zamani ilikuwaga mbovu, lakini ilifanya kazi. Hii yako ni nzuri, haifanyi."

"Inatafuta njia, Mama."

"Njia gani? Paa ni lile pale. Mimi mwenye mtoto wa jicho ninaliona."

Ndani ya nyumba mjukuu wake alikuwa analia, mtoto mchanga wa binti yake Lucy. Kilikuwa kilio cha afya na hasira, cha mtoto anayejua kwamba ziwa lipo na linacheleweshwa.

Paschal, mwenzake Magige, alikuwa juu ya paa la gesti. Akapaza sauti akicheka.

"Kaka, antena yako inalia kama mtoto asiyepewa jina. Itajie mababu, itanyamaza."

Kila mtu wa huko analijua hilo. Kichanga kikilia bila kukoma, wazee hukaa wakataja majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Aliyelala ameomba kuitwa tena.

Magige alikuwa amechoka, na utani wa mtu aliyechoka hauna mlango. Akatoa simu, akafungua pale panapoandikwa jina la mtandao. Akaweka jina la babu yake. Zikaachana. La mjomba wake. Zikaachana. Akatazama chini, kwenye uwanja kati ya duka na gesti, ambako udaga wa muhogo ulikuwa umeanikwa karibu na kaburi la saruji. Mwanga wa mwisho ulikuwa umeangukia jina lililoandikwa msalabani.

Mwikwabe.

Akaliandika.

Antena zikashikana.

Hazikuachana.

Na ndani ya nyumba mtoto akanyamaza katikati ya kilio. Hakunyamaza kama aliyepewa ziwa. Alinyamaza kama redio iliyochomolewa.

Magige akasikia harufu ya ugoro. Kali, mbichi, kama mtu amefungua kikopo chini ya pua yake. Akageuka. Juu ya bati hapakuwa na mtu.

Akashuka. Barazani pa gesti Mama Getruda alikuwa ameshika simu, picha zinatembea bila kukwama. Akasema "Hm," na kwake hiyo ilikuwa sherehe. Paschal alikuwa anakunja waya. Ndipo Lucy akatoka, miguu mitupu, mtoto mikononi.

"Mama... ananitazama tu."

Macho ya mtoto yalikuwa wazi. Mwili hauna homa. Lucy akamwekea ziwa. Maziwa yakaingia mdomoni, yakatoka pembeni. Bibi akampokea, akampiga kofi dogo unyayoni. Kimya. Akainama, akamwita kama wanavyoitwa wajukuu waliobeba majina ya waume wa bibi zao, nusu kwa upendo, nusu kwa kuwadai.

"Mwikwabe. We Mwikwabe."

Mtoto hakupepesa.

Ukutani, kiboksi kipya cha mtandao kiliwasha taa zote kwa pamoja. Kikazima. Kikawasha.

Kisha, juu ya bati... mtu akakohoa.

Lucy akashika nguzo. "Mama, hicho kikohozi..."

"Nyamaza."

Mama Getruda alikuwa amelala kando ya kikohozi hicho ndoa nzima, na tangu kizikwe hakuwahi kukikumbuka kwa hamu. Akamgeukia Magige polepole.

"Umekipa jina gani hicho kitu chako?"

Angeweza kudanganya. Alimtazama mtoto, akashindwa.

"Nilisoma pale msalabani. Ilikuwa utani, Mama."

"Utani na nani? Wewe na yule mlikuwa watani lini?" Sauti yake ilishuka hadi mnong'ono. "Huyu mtoto alilia mpaka tukamtajia jina hilo. Mzee akakubali kukaa kwake. Sasa wewe umemjengea juu ya bati, unamwita kwa nguvu za umeme. Na mzee yule alipendaga makubwa. Atabaki kwenye kitoto afanye nini?"

"Lirudishe, kaka," Lucy alisema. "Nakuomba. Lirudishe."

Magige akafungua simu tena. Akafuta jina, akaandika Gesti. Taa zikaanguka, zikapanda. Kwenye kioo: Mwikwabe. Akaandika Mugeta. Zikaanguka, zikapanda.

Mwikwabe.

Akakimbilia ukutani, akang'oa waya wa umeme.

Kiboksi kikaendelea kuwaka.

Ugoro ulijaa baraza hadi Paschal akapiga chafya. Lucy alikuwa ameweka sikio kwenye kifua cha mtoto, na midomo yake ilikuwa inatembea, anahesabu pumzi. Kila pumzi ilikuwa inachelewa kuliko iliyotangulia.

"Hataki majina ya vibao," Mama Getruda alisema. "Alikuwa mtu. Wa kushika nafasi yake lazima awe mtu."

"Basi nipe jina. La baba yako, la shangazi, la yeyote aliyelala."

"Wafu wangu wamekwisha, nimewagawa kwa wajukuu. Nikikupa mmoja, namvua mtoto mwingine."

Magige akamtazama Paschal. Paschal akarudi nyuma hadi ukutani.

"Langu mimi ni la mtakatifu. Na mama yangu ananitegemea."

"Sijamuuliza huyo," alisema yule mjane. "Wewe fundi, unaitwa nani?"

Jina lake alikuwa analijua tangu asubuhi.

Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Lucy hakuomba tena. Alimtazama tu Magige, na macho yale yalikuwa mabaya kuliko matusi. Magige akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Ya pili. Alipomaliza, kidole kikasita juu ya kioo.

Juu ya bati, kitu kilisogea, kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi.

Akabonyeza.

Taa zikazima. Zikawaka.

Mtoto akavuta hewa, akalia kilio kibaya, kikavu, hadi mbwa wa jirani wakaitikia. Lucy akakaa sakafuni na kumnyonyesha. Harufu ikaondoka. Mama Getruda hakushukuru.

"Nendeni," alisema. "Na asije mtu kukigusa hicho."

Njia nzima Paschal aliendesha pikipiki, Magige kakaa nyuma. Mara kadhaa Paschal alimwita kwa jina, naye hakuitika, kana kwamba anaitwa mwingine; Paschal akaacha, akaongeza mwendo.

Bunda, nyumbani kwake, Magige aligonga mlango. Taa ilikuwa inawaka. Akasikia ndala za mkewe, Hilda, zikija, zikasimama upande wa pili.

"Ni nani?"

Akafungua mdomo amjibu. Alikuwa na ulimi, alikuwa na sauti. Alitafuta jina lake, na pale lilipokuwaga palikuwa patupu.

"Nauliza, ni nani?" Sauti ya Hilda ilikuwa imeanza kuogopa. Komeo la pili likasukumwa.

Magige alibaki ameinua mkono. Miguu yake ilikuwa kwenye udongo wa mlangoni kwake, aliuona kwa macho. Lakini chini ya nyayo alisikia bati, jembamba, la baridi, limelowa umande... na pembeni yake mtu mzima alijisogeza, akafungua kikopo cha ugoro, akamkaribisha.