Gujiya Zilizopungua

Kila asubuhi Gomti alipanga sahani uani. Zilikuwa sahani za majani makavu yaliyoshonwa kwa vijiti, themanini kwa jumla, moja kwa kila mjane. Mama yake, Ramkali, ambaye ndiye mpishi wa nyumba ile, alimfuata nyuma na ndoo ya dengu. Kutoka ukumbini zilisikika nyimbo za kumsifu mungu Krishna, ambazo wajane waliziimba tangu alfajiri huku wakigonga matuazi. Wimbo wa mwisho ukiisha, wazee wale hutoka wakiwa na njaa, na Gomti alitakiwa awe amemaliza.

Gomti alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Aliwajua karibu wajane wote wa nyumba hiyo katika mji wa Vrindavan. Wengi walikuwa wametoka mbali, Bengali huko, wakiwa na kifurushi kimoja na hawana wa kuwapokea. Hapo walipata mlo, sari nyeupe na mahali pa kulaza ubavu.

Wiki hiyo shule zilikuwa zimefungwa na nyumba nzima ilichangamka. Ijumaa ilikuwa Holi, sikukuu ya rangi. Zamani mjane hakuruhusiwa hata kuigusa rangi. Akiwa amevaa nyeupe, basi ni nyeupe mpaka kufa. Lakini tangu miaka michache iliyopita, nyumba hiyo iliamua kwamba wajane nao watarushiana maua na unga wa rangi, kisha watakula karamu.

Kwa ajili ya karamu hiyo, Ramkali alikaanga gujiya mia mbili. Gujiya ni kama sambusa, ila tamu, na ndani yake mna maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, iliki na zabibu kavu. Jumatatu asubuhi yeye na Gomti walizipanga katika vikapu vinne kwenye ghala la juu, lile ambalo dirisha lake linatazama paani. Walizihesabu, wakazifunika kwa kitambaa, na Mzee Brijmohan, msimamizi wa nyumba, akafunga mlango na kuuvaa ufunguo shingoni.

"Asizionje mtu," Mzee Brijmohan alionya, kama alivyoonya kila mwaka. "Hata wewe mpishi usionje. Kwanza tutamtolea Krishna, halafu watakula wajane. Kitu kilichokwisha kutiwa mdomoni hakitolewi kwa Mungu."

Ramkali alicheka. "Mzee, miaka tisa napika bila kuonja. Chumvi naipima kwa pua."

Jumanne Mzee Brijmohan alipoingia kukagua, alikuta gujiya mia na themanini na nane.

Habari ilienea nyumba nzima kabla dengu haijachemka. Wajane waliokuwa wakigawana kipande cha sabuni sasa walitazamana kwa pembe ya jicho. Mmoja alihamisha kifurushi chake karibu na mto wa kulalia. Mwingine alisema alimsikia mtu akitafuna usiku, na jirani yake akamuuliza alikuwa macho kwa nini.

Gomti naye alitazama kila mkono na kila mdomo. Alitaka sana mwizi apatikane, tena apatikane upesi. Alimwambia hivyo rafiki yake Lajjo, binti wa muuza maua wa mtaa ule.

"Mlango umefungwa na ufunguo anao Mzee," alisema Lajjo. "Basi kapita dirishani. Dirisha lenyewe jembamba. Nani humu mwembamba?"

"Bibi Shefali," Gomti alijibu bila hata kufikiri.

Bibi Shefali alikuwa mwembamba kweli, mgongo umepinda, miaka sabini na zaidi. Tena tangu Jumatatu alikuwa na mambo ya ajabu. Aligawiwa puri nne, zile chapati ndogo za kukaanga, akala mbili na nyingine akazifunga kwenye pindo la sari. Halafu mchana, wenzake wakijinyoosha, yeye alipanda ngazi kwenda paani, taratibu, ameshika fimbo.

"Mzee wa umri ule apande ngazi zote hizo kufuata nini?" Lajjo aliuliza.

"Twende tukaone."

Jumatano mchana walimnyatia. Walijificha nyuma ya tangi la maji. Bibi Shefali alikuwa ameketi chini ya dirisha la ghala, amewapa mgongo. Aliinama, akaokota kitu sakafuni, akakitia kwenye pindo lake na kulifunga. Lajjo alimfinya Gomti mkono. Hawakungoja kuona zaidi, wakashuka mbio mpaka kwa Mzee Brijmohan.

Saa ya kula, mbele ya wote, Mzee Brijmohan alisimama juu ya sahani ya Bibi Shefali.

"Bibi, ulikuwa unafanya nini huko juu?"

"Naota jua, mwanangu."

"Chini ya dirisha la ghala?"

"Jua ndipo linapopiga."

"Fungua pindo."

Fundo lilichukua muda kufunguka. Vikaanguka vipande vya puri, na katikati yake ukingo wa gujiya, ule uliosukwa kwa kucha za Ramkali mwenyewe.  Kisha mjane mmoja akasema polepole, "Kumbe," na neno hilo likapita mstari hadi mstari.

Bibi Shefali hakujitetea. Aliinua uso akamtazama Gomti. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo lililomsumbua Gomti. Msichana akainamisha macho kwenye ndoo ya dengu.

"Ijumaa hutakaa kwenye karamu wala hutacheza rangi," alisema Mzee Brijmohan. "Baada ya sikukuu tutaangalia kama utaendelea kukaa hapa. Na huko paani usikanyage tena."

Jioni Gomti alimsikia mjane mwingine akimwambia mama yake jikoni: "Masikini. Aliolewa akiwa mtoto, akafiwa na mume akiwa bado mtoto. Miaka sitini hajagusa rangi nyekundu. Mwaka jana, mwaka wake wa kwanza hapa, alikuwa mgonjwa. Mwaka huu alikuwa anahesabu siku kwa vidole."

Gomti hakula vizuri usiku ule. Alijiambia kwamba mwizi ni mwizi. Alijiambia pia jambo ambalo alikuwa akijiambia tangu Jumanne: kwamba kumi na mbili si nusu moja.

Maana Gomti alikuwa na siri. Jumatatu, walipokuwa wakipanga vikapu, mama yake alipogeuka, alifungua kitasa cha dirisha kwa ndani. Mchana alirudi kupitia paani, akaingia ghalani na kuchukua gujiya moja tu. Aliing'ata. Mara akasikia hatua za mtu akipanda ngazi. Kwa hofu aliirudisha ile iliyoumwa kwenye kikapu, chini ya nyingine, akaruka nje na kulisukuma dirisha. Kitasa kiko ndani, kwa hiyo hakikufungwa, ingawa kwa kulitazama dirisha lilionekana limefungwa. Nusu iliyobaki bado ilikuwa kikapuni, kwa hiyo, kwa hesabu ya Gomti, hakuwa ameiba chochote.

Alhamisi Bibi Shefali alishinda ukumbini, macho ya watu yakimlinda. Mzee Brijmohan alipofungua ghala alasiri, gujiya arobaini zaidi hazikuwepo.

"Haiwezekani," alisema. "Alikuwa mbele yangu siku nzima." Akamtazama Ramkali kwa muda mrefu. "Walioingia ghalani Jumatatu ni wewe, mwanao na mimi."

Ramkali aliweka mwiko chini. "Mzee, unanishuku mimi?"

"Sijui tena nimshuku nani."

Gomti aliposikia hivyo, alitoka mbio. Alipanda paani peke yake. Juu ya ukuta wa jirani walikuwa wamekaa nyani sita, wamejipanga kama wageni wa arusi. Mmoja alishuka, akasukuma dirisha kwa kiganja, akaingia. Alitoka na gujiya mdomoni na nyingine mkononi. Akampita Gomti bila haraka.

Sasa alielewa. Zile puri, ile fimbo, zile ngazi zote. Bibi Shefali alikuwa akiwarushia nyani chakula chake mwenyewe huko mwisho wa paa ili wasilisogelee dirisha. Kile kipande cha gujiya alikiokota walipokiangusha.

Gomti alimkuta ukumbini, ameketi peke yake karibu na nguzo. Alikaa mbele yake.

"Bibi, kwa nini hukusema ni nyani?"

"Ningesema nyani, wangeuliza nani kafungua kitasa."

"Ulijua?"

"Jumatatu nilipanda kuanika sari yangu. Nikakuona unaruka na zabibu shavuni. Nilijaribu kulifunga lile dirisha, halifungiki kwa nje. Basi nikasema nitalilinda mpaka Ijumaa. Nyani wanne ningewamudu. Hawa wa jana waliita na mashemeji."

Gomti alitaka kucheka, akalia. "Lakini mimi ndiye niliyekushtaki."

"Najua, mjukuu wangu. Nilikuona nyuma ya tangi. Hata kujificha hujui."

Bibi aliviringisha ncha ya sari kidoleni.

"Mume wangu alikufa kwa homa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama mkwe akaniita mla mume. Mtaa mzima ukanipokea kwa jina hilo. Nilizeeka nalo, nikalikimbia mpaka huku. Mtoto akipewa jina baya hukua nalo. Sikutaka niwe mimi wa kukupa lako."

Gomti alipima moyoni. Angeweza kusema ni nyani, na Bibi Shefali angeachiliwa. Kila mtu Vrindavan anajua nyani ni wezi, tena ni watu wa Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani. Wakichukua kitu, watu husema wamechukua fungu lao na mambo yanaisha. Lakini ile gujiya iliyoumwa ilikuwa kikapuni. Kesho ingewekwa mbele ya Krishna, kisha kwenye sahani ya mjane mmojawapo. Na akisema, gujiya zote zingekataliwa kwa kuwa zilikaa pamoja na iliyoumwa, jasho la mama yake la siku mbili, na maziwa mengine yasingepatikana.

"Nifanye nini, Bibi?"

"Hilo siwezi kukusemea," Bibi Shefali alijibu. "Mimi nilikunyamazia tu."

Wakati wa mlo wa jioni Gomti alisimama katikati ya mistari ya sahani.  Alisema habari ya kitasa, ya gujiya aliyoiuma na kuirudisha, ya nyani, na ya Bibi Shefali aliyejinyima nusu ya mlo wake kwa siku tatu kwa kosa lisilo lake. Hakumtazama mama yake mpaka alipomaliza. Alipomtazama, Ramkali alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha kichwa, na hilo lilimuuma Gomti kuliko kofi.

Mzee Brijmohan alipanda ghalani. Aliporudi, mkononi alikuwa na gujiya yenye alama ya meno madogo.

"Nyani ni nyani," alisema kwa sauti nzito. "Haya ni meno ya mtu. Hatuwezi kuzitoa. Zote watapewa ng'ombe." Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Aliinama akagusa miguu ya Bibi Shefali. "Nisamehe, mama. Nilitazama pindo lako, sikukutazama wewe."

"Na kesho tutamtolea Krishna nini?" aliuliza Ramkali.

 Bibi Shefali ndiye aliyejibu.

"Mimi nina sukari guru kidogo. Na mchele wa kupasuka, ule mwepesi kama bisi. Kwetu Bengali tunayeyusha sukari, tunachanganya na mchele, tunaviringisha mipira mkononi. Haitaki maziwa."

"Mimi nina nazi," alisema mwingine.

"Mimi nina ufuta. Niliuweka wa ibada ya kifo changu, lakini sifi kesho."

Vifurushi vikafunguliwa, hata vile vilivyohamishiwa karibu na mto. Wanawake waliolishwa miaka mingi walikunja mikono ya blauzi wakaingia jikoni, wakamwamuru Ramkali kama mwanafunzi. Gomti alikuna nazi mpaka vidole vikamchubuka, na hakuna aliyemwonea huruma. Mipira ilipoiva ilinukia ajabu. Hakuna aliyeonja.

Ijumaa ua ulijaa maua. Wajane walirushiana petali na unga wa rangi mpaka sari nyeupe zikasahau weupe wake. Gomti alisimama pembeni, akiogopa kuingia. Lajjo alimwona, akamwita kwa sauti ya kusikika: "Mwizi wa gujiya, njoo basi."

Bibi Shefali aligeuka. Kiganja chake kilikuwa kimejaa rangi nyekundu, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili mashavuni mwake.

"Huyu anaitwa Gomti," alimwambia Lajjo. "Na wewe ulikuwa naye nyuma ya tangi. Nyani haoni kundule."

Lajjo aliona haya. Ramkali alimshika mwanawe bega. Tangu jana hakuwa amesema naye.

"Sikiliza, mwanangu. Kuiba ni kosa, nawe utakuna nazi za nyumba hii mpaka mvua zinyeshe. Lakini uliona wewe mwenyewe: ulipolificha kosa lako, ulianza kumtafuta mtu wa kumvisha. Kosa lisilokiriwa halikai bure, hutafuta mgongo wa mwingine. Ukikosea tena, na utakosea, lichukue lako mapema."

"Nimesikia, mama."

"Sasa nenda. Bibi anakungoja."

Gomti alikwenda. Bibi Shefali aliweka kiganja chake chekundu shavuni mwa Gomti, akakibana hapo ili rangi ishike, kisha akainama naye apakwe.