Mchumba Hewa

"Kagua uondoke, Dalali. Funguo hizo hapo."

Fundi alisema hivyo bila hata kunitazama. Miaka minne aliniita mpenzi. Leo, wiki ya sita tangu nianze kazi kwenye ofisi ya kupangisha nyumba, nilikuwa dalali tu, niliyekuja na fomu kukipokea chumba chake. Mpangaji akihama, msaidizi kama mimi ndiye anayetumwa kukagua. Bosi hakujua kwamba amenituma nikampokonye funguo mwanaume ninayempenda kufa.

Nikafungua bomba, maji yakatoka. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka. Vigae alivyoviweka mwenyewe bafuni, hakuna hata kimoja kilicholegea. Nilitamani nikute kitu kimevunjika, angalau nipate cha kumcheleweshea.

"Unahamia wapi?"

"Mbali. Nimepata kazi kwenye ujenzi wa hoteli, miaka miwili. Gari la mizigo linakuja saa nane."

Ilikuwa saa saba na nusu.

"Sababu ya kuhama?" Fomu ndiyo iliyotaka, si mimi.

"Andika kuna mwanaume mwingine."

Nikakaa sakafuni.

Jamani, kosa lilikuwa langu. Wiki ya kwanza tu kazini, bosi alinifundisha: mteja akisitasita, mwambie kuna mwingine anaitaka nyumba leo leo. Niliona watu wazima wanavyokurupuka kusaini. Nikapata akili za kijinga. Fundi naye alikuwa mteja wa kusitasita, kila siku "tutaoana tu, usijali". Nikamtumia meseji: "Kuna mtu anataka kunioa. Anasubiri jibu wiki hii."

Nilitegemea aje mbio. Akajibu: "Nakutakia kila la heri." Baada ya hapo hakupokea simu, na mara tatu nilizokuja kugonga, hakufungua.

"Hakuna mwanaume mwingine," nikasema. "Nilimtunga."

"Hayo ndiyo maneno yenu ya kazini."

"Nakuapia! Nilitaka uharakishe!"

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Unajua meseji yako ilinikuta wapi? Nilikuwa kwa mama, tunapanga Jumamosi twende kwenu kuposa. Mama hakula siku mbili."

Nikalia bila aibu, kamasi na machozi pamoja.

"Usiende. Nakuomba."

"Nikuamini kwa lipi?"

"Mpigie mama. Nitamwambia mwenyewe."

Akapiga, akaweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule? Unataka nini tena kwa mwanangu?"

"Mama, hakukuwa na mwanaume yeyote. Nilidanganya ili anioe haraka. Nimeharibu kila kitu na sijui nifanye nini."

Nje, gari la mizigo likapiga honi.

"Mwanangu upo hapo?"

"Nipo, mama."

"Huyu mwongo nitamsema mpaka anikome. Lakini wewe, miaka minne ulikuwa unamkagua nini?"

Honi ikalia tena.

"Jibu, baba."

"Nilikuwa naogopa, mama. Kila siku nilijua atapata mtu wa maana kuliko mimi. Meseji ilipokuja, nikasema siku yenyewe imefika."

Sikuwahi kujua. Kumbe nilimpiga pale pale palipokuwa panamuuma.

Akaenda dirishani.

"Dereva! Nisamehe ndugu yangu, sihami tena!"

Kisha akarudi, akakaa sakafuni karibu yangu, akanivuta kifuani. Naye akaanza kulia, mwanaume mzima na mabega yake yote.

Simu bado ilikuwa hewani.

"Haloo? Mnalia wote wawili? Haya, lieni mmalize. Jumamosi nakuja na shangazi za mwanangu, na safari hii tunafika kwenu."