Usiizime

Kwenye ujia wa mafundi, ambako kila duka hupiga muziki wake, mshonaji mmoja aliyevaa gauni la rangi ya haradali, futi ya kupimia ingali shingoni, alimgonga kijana aliyebeba televisheni.

"Dada, hii ikianguka utanishonea nyingine?"

"Pole, kaka. Namtafuta fundi wa mashine za michezo ya video, zile za zamani."

"Ndiye huyu uliyetaka kumvunja mguu."

Mshonaji akamkabidhi mashine ya mchezo iliyochakaa. Ilikuwa ya marehemu kaka yake. Ndani yake kaka aliacha mchezo mmoja, safari yake ikiwa njiani: mwanaanga peke yake, akirukaruka kwenye mapango ya sayari ngeni, akitafuta njia.

"Inawaka kwa shida," alisema. "Nataka nimalizie alipoishia."

Simu za kuulizia mashine zikageuka simu za "umekula?" Fundi akaanza kumwita "sindano yangu."

"Kwa nini sindano?"

"Unachoma, halafu unaunganisha."

Wakaahidiana kukutana mkahawani Jumamosi mchana. Fundi hakutokea. Simu iliita mpaka ikakatika. Jumapili vivyo hivyo. Mshonaji alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akakosea tena. Ameiuza? Ana mke? Jumatatu asubuhi uvumilivu ukamwishia.

Alimkuta dukani, macho mekundu, shati limekunjamana. Nyuma yake, kwenye skrini, mwanaanga mdogo alisimama tuli.

"Kumbe mimi nalia, wewe unacheza!"

"Usiguse waya! Nakuomba, mpenzi. Betri inayotunza kumbukumbu imekufa. Safari ya kaka yako ilifunguka kwa bahati tu. Nikiizima, haitarudi. Ndiyo maana nalala hapa, naomba umeme usikatike."

"Mbona hukupokea simu?"

"Nikikuambia, utalia. Nikinyamaza, utanichukia. Nikashindwa kuchagua."

"Ukanipa vyote viwili."

Taa zikafifia. Wote wawili wakaigeukia skrini. Zikarudi.

Mshonaji akavuta kigoda, akashika kidhibiti. "Nielekeze. Haraka."

"Ruka! Siyo huko, kuna tindikali. Piga mlango ule, ufunguke. Jikunje, pita kwenye tundu."

Dude la mwisho lililolinda mapango lilipoanguka, king'ora kikalia: sayari inalipuka, muda unayoyoma. Viganja vilimlowa jasho, mwanaanga akateleza, akaanguka chini.

"Siwezi!"

"Unaweza, sindano yangu. Panda tena. Acha kutazama saa, tazama jiwe linalofuata."

Akapanda. Akateleza, akapanda tena. Chombo kikaondoka, na nyuma yake sayari ikapasuka vipande vyeupe.

Alilia sana, kichwa begani mwa fundi. Kisha akanyoosha mkono na kuizima mashine mwenyewe.

"Twende nyumbani. Mama anataka kumwona anayeninyima usingizi."

"Nikifika nijitambulishe vipi? Fundi?"

"Mafundi wamejaa tele. Sema umekuja kuposa," alisema, akijifuta machozi. "Ila kaoge kwanza."