Aliyechelewa Naye Ale

Julai 1975, kijiji cha Mgwashi, milimani. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Paskalina aliingia jikoni na mzigo wa kuni, akakuta sufuria imeoshwa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umechelewa.”

“Ukungu ulishuka, baba. Sikuiona njia.”

“Aliyechelewa hali. Kalale.”

Hiyo ilikuwa sheria ya baba yake, Sefania, nyumbani kwake. Yeye mwenyewe alikuwa yatima, akalelewa na baba yake mdogo. Huko, aliyechelewa kutoka machungani alipigwa na kulala njaa. Sasa alikuwa mtu mzima, lakini bado alikula haraka, amesimama, macho mlangoni. Kwenye shamba la ujamaa wenzake walimtania.

“Sefania, kaa chini. Ugali haukimbii,” alisema Fanueli.

“Mwache, anawahi treni Mombo,” alidakia mwingine.

Sefania alicheka nao. Hakuwaambia kwamba tumbo humchoma usiku, wala kwamba mtu akipaza sauti, moyo wake hudunda kwa nguvu.

Mwezi huo Paskalina naye alianza kuumwa tumbo. Akawa anakojoa kitandani, ingawa yuko darasa la tatu. Mama yake, Yunis, aliona inatosha.

“Baba Paskalina, kesho twende zahanati. Sote watatu.”

“Mimi siumwi.”

“Unakunywa maji ya magadi kila usiku kutuliza tumbo. Au ndiyo chai yako?”

Kwenye zahanati, mganga Shabani alimpima mtoto choo na mkojo. Hakuona minyoo wala ugonjwa mwingine. Alimpima Sefania presha. Ilikuwa juu. Kisha akamuuliza Paskalina, “Jioni huwa mnakula saa ngapi?”

Paskalina alimtazama baba yake kwanza. “Inategemea,” alijibu.

Shabani alimwomba mtoto akangoje barazani, Yunis akaeleza sheria ya aliyechelewa na kwamba mumewe halali usiku.

“Ndugu Sefania, mtoto huyu anaishi kwa hofu.”

“Ni adabu hiyo, Bwana Mganga. Nimelelewa hivyo na sikufa.”

“Hukufa. Lakini presha iko juu, hulali, na tangu uingie umekaa ukingoni mwa kiti. Ulianza kulelewa hivyo lini?”

“Meno ya utoto yalikuwa hayajang’oka.”

“Basi sikiliza. Mtoto akiogopa, moyo hukimbia na tumbo hukaza. Hofu ikipita, mwili hutulia. Lakini hofu ikiwa ya kila siku, na hakuna mtu mzima wa kumtuliza, mwili huzoea kukaa macho. Miaka mingi baadaye hatari haipo, lakini mwili bado unaingoja. Usingizi hukatika, moyo huchoka, hasira na huzuni huwa karibu. Si kila aliyeteseka utotoni huugua, na si kila ugonjwa hutoka huko. Ila uwezekano wa kuugua huongezeka.”

“Kumbe baba mdogo aliniloga.”

“Hukulogwa. Uliumizwa. Na kuna la kufanya.”

Alimpa vidonge vya presha, akamweleza namna ya kuvitumia. Akamwambia aache magadi, maana hupandisha presha, ale akiwa amekaa, na yaliyompata asiyabebe peke yake.

“Na mtoto akichelewa?” aliuliza Sefania.

“Muulize sababu. Akiwa na kosa, mpe kazi ya ziada kesho yake. Chakula usimnyime, na usimpige.”

Njiani kurudi, Sefania alimsimulia Yunis habari za machungani. Hakuwahi kumwambia kabla.

Wiki iliyofuata Paskalina alichelewa tena. Alisimama mlangoni, haingii.

“Umepatwa na nini?” aliuliza baba yake.

“Kamba ilikatika, baba. Kuni zikamwagika.”

“Pole. Kanawe mikono, mama yako amekuwekea chakula.”

Sefania alikaa naye mpaka akamaliza kula.

Mwezi wa Novemba walirudi zahanati. Presha ya Sefania ilikuwa imeshuka, ingawa vidonge aliambiwa aendelee navyo. Paskalina hakuwa akikojoa tena kitandani.

“Asante, Bwana Mganga,” alisema Sefania. “Mimi sikupata mtu wa kunisemea.”

“Mshukuru mkeo. Ndiye aliyekuleta.”

Sefania alimgeukia Yunis. “Asante, Mama Paskalina.”

“Haya. Na magadi nimeshayamwaga,” alisema Yunis.

Shabani alimpandisha Paskalina kwenye mizani. Uzito wake ulikuwa umeongezeka.