Kamba ya Majabali

Jambo lenyewe lilianza kijinga tu, mezani, watu wakiwa na njaa. Wankyo, msichana wa darasa la tano mwenye mdomo usiojua kunyamaza, alimwuliza matron, "Matron, kamba ya majabalini mbona mmeirudisha? Si mlisema kuna nyoka?"

Matron Pelagia alikuwa anapakua ugali. Alichungulia nje ya mlango wa bwalo akaona kamba anazozijua: ya bwenini, ya madarasani, ya chooni. Upande wa majabali kulikuwa na nguzo tupu na majani yaliyokauka.

"Huko hakuna kamba. Kula."

"Ipo, Matron. Nimetoka kuishika sasa hivi. Kuna bibi anasaga ulezi huko mwisho, nimemsikia."

Pelagia, mwenye macho mazima kama mimi na wewe, akaenda stoo. Kamba ya majabalini ilikuwa imeviringwa pale pale alipoiweka likizo, nyuma ya magunia ya mahindi. Akaigusa. Ilikuwa vuguvugu, inanuka maziwa mabichi, kana kwamba imetoka kufungia ng'ombe muda huo huo. Alifunga mlango wa stoo na mchana ule hakumwambia mtu.

Nieleze kwanza habari ya kamba, maana bila kamba hutanielewa. Shule ya Mwalimu Recho iko Buswahili, wilaya ya Butiama, bweni na madarasa kwa watoto wasioona. Kati ya jengo na jengo wamefunga kamba usawa wa kiuno cha mtoto, na fundo karibu na mwisho ili mkono ujue umefika. Watoto wakikutana njiani hawagongani. Kila mmoja ana namna yake ya kuitikisa kamba ili mwenzake ajue nani anakuja. Wankyo alikuwa anaikung'uta kama mtu anayeanua nguo. Ghati alikuwa anavuta mara mbili za haraka, halafu anaiachia polepole. Mwalimu Recho naye alikuwa na sheria yake, aliyoirudia mstarini mpaka ikawachosha: ukiwa na kamba mkononi, ifuate, itakufikisha.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka fundi alinyoosha kamba moja ya chooni ikapita katikati ya majabali mawili makubwa nyuma ya bweni, kupunguza mzunguko. Majirani walisema waziwazi kwamba pale, jua likiwa utosini, hapapitwi. Hata mbuzi wanapazunguka. Mwalimu Recho akasema yeye ni Mkristo, fundi aendelee na kazi. Baadaye akaonekana nyoka, na likizo ilipofika kamba ikafunguliwa. Basi wenye macho wakajua imeisha. Watoto walioondoka wakiwa wameizoea waliporudi shule wakanyoosha mkono palepale, na mkono ukaikuta.

Huyu Mwalimu Recho watu wa Butiama walimsifu sana. Aliuza kiwanja chake cha mjini Musoma akajenga shule kwa ajili ya watoto wa wengine, ndivyo walivyosema kanisani. Mimi sikatai, lakini tusidanganyane. Ghati alikuwa binti yake wa pekee, amezaliwa haoni. Recho alishazunguka naye Musoma, Mwanza, hospitali hadi hospitali, mchungaji hadi mchungaji, na kote alirudi na jibu lile lile. Shule aliijenga ili Ghati asikue peke yake. Wale wengine wote walikuwa wasindikizaji.

Jioni moja Ghati aliingia nyumbani kwa mama yake, nyumba ya mwalimu mkuu iliyo ndani ya uzio huo huo. Siku zote alikuwa anamsalimia mama kwa kumwekea kiganja usoni. Siku hiyo alisimama mbali, akanyoosha kidole, kidole kikaishia hewani.

"Mama, kumbe una doa jeusi hapo."

Recho aliangusha sufuria. Alipiga magoti, akamshika mtoto mabega, akamtazama machoni, na yale macho yaliyokuwa yanazunguka ovyo tangu kuzaliwa yakatulia juu ya uso wake.

"Umejuaje?"

"Bibi wa majabalini kanipangusa na maziwa. Amesema nirudi tena."

Kabla ya sala ya jioni macho yalikuwa yameshazima. Mtoto alilia, mama akalia. Mama mwenye akili timamu angembeba binti yake usiku huo huo wakahama wilaya. Recho alimfuta machozi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kesho usichelewe."

Ghati akawa anakwenda kila mchana wenzake wakiwa bwaloni. Recho alisimama dirishani akimwona anatembea katikati ya nguzo tupu, kiganja kimefumbatwa hewani, kinateleza juu ya kitu kisichokuwepo, mpaka anapotea kati ya majabali. Kisha unasikika msuguano, jiwe juu ya jiwe, taratibu, kama mwanamke anayesaga na hana haraka, na upepo unaleta ile harufu ya maziwa mabichi na ngozi ya ng'ombe iliyolowa.

Ngolo alimfuata siku moja. Alikuwa mtoto mdogo wa darasa la kwanza, kutoka Bunda, amezoea kumwandama Ghati kwa sababu anamgawiaga karanga. Siku hiyo Ghati alirudi akiona, na macho hayakuzima mpaka alipolala. Ngolo alirudi jua likielekea kuzama. Hakusema neno na hakusema tena. Alikaa chini ya ukuta wa bweni, akachota udongo kwa viganja vyote viwili, akala na kucheka, na Pelagia alipojaribu kumfungua mdomo aligundua ulimi ni mkavu na mgumu kama kipande cha ngozi.

"Madam," Pelagia alinong'ona, "huyu mtoto kachukuliwa kitu."

"Ni malaria imepanda kichwani. Wapigie wazazi."

"Madam, mimi sijasoma sana, lakini malaria naijua."

"Nimesema wapigie."

Wazazi walimfunga Ngolo mgongoni mwa baba yake kwa kitenge, juu ya bodaboda, wakaondoka naye anacheka. Recho aliwapungia mkono. Nataka uelewe kwamba alishajua. Alikuwa ameshaona kwamba Ngolo alipopoteza ulimi, macho ya Ghati yalipata saa za ziada, na akilini mwake alikuwa anajiuliza mtoto gani mwingine hana ndugu wa kusumbua.

Hakuhitaji mwingine. Jumamosi iliyofuata Ghati alitoka kwenye majabali akitembea mikono imening'inia, hajashika chochote, anaruka mizizi bila kuipapasa. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa mama yake akasema, "Shikamoo, Mama," akitabasamu. Jioni ikapita, macho hayakuzima. Asubuhi alikuwa anasoma maandishi ya gunia la mbolea, yeye ambaye maisha yake yote alisoma nukta nundu. Recho alipiga simu Musoma, alipiga simu Mwanza, analia na kucheka, anasema Mungu ametenda.

Bwenini hawakucheka. Watoto walisukuma vitanda vyao mpaka vikabanana upande mmoja, kitanda cha Ghati kikabaki peke yake katikati ya sakafu. Mwalimu Recho alipouliza sababu, ni Wankyo aliyejibu, kama kawaida.

"Madam, huyu siyo Ghati."

"Unasema nini wewe?"

"Ghati kucha zake anazitafunaga. Huyu anazo ndefu. Halafu anapumua akikumbuka. Tukimsikiliza anapumua, tukinyamaza anasahau."

Yule mtoto alikuwa amesimama mlangoni, anawatazama wote kwa zamu, taratibu, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Pelagia aliivuta kamba iliyofungwa hapo mlangoni, akamsogezea mkononi. "Ghati, mama, hebu mtikisie Wankyo kama mlivyozoea."

Mtoto aliitazama kamba, hakuishika. "Kamba ni za vipofu," akasema.

Recho alimzaba Wankyo kibao, Wankyo, siyo yule, na mtoto akaanguka kwenye vyuma vya kitanda. Kisha akamshika yule mwenye macho mkono akatoka naye. Pelagia aliona jinsi Recho alivyostuka kidogo alipoushika ule mkono, akaubadilishia vidole, kama mtu aliyeshika samaki wa barafu, lakini hakuuachia.

Siku hiyo hiyo mtoto alimwambia mama yake, "Ile kamba ikatwe. Ikibaki, Bibi atanirudishia giza." Kwa hiyo Pelagia aliposema kwamba anamfahamu mzee mmoja wa kule Mugeta anayefunga mambo kama haya, alishangaa Mwalimu Recho, mama wa kanisa, akimjibu mara moja, "Mlete."

Mzee Werema alikuja na koti la mvua la kijani, kikohozi, na panga lililofungwa kwenye gunia. Hakutaka chai. Alizunguka majabali, akanusa, akatema mate.

"Aliyeko humu ni mfugaji," alisema. "Anakusanya. Mimi kumtoa siwezi, ni wa zamani kuliko kijiji. Ninachoweza ni kumfungia njia. Nipeni mtoto asiyeona, aishike kamba, mimi nikate mbele ya mikono yake. Jua likiwa utosini, maana ndipo inakaza."

"Haya, Babu," Recho alisema.

"Sijamaliza. Kabla sijakata nitakuuliza kama watoto wako wote wapo upande huu. Akiwepo mmoja njiani, nikikata, amebaki huko. Hatakufa, usidhani atakufa. Atakuwa anatafuta njia tu. Na mimi sirudii kazi."

Wankyo ndiye aliyeletwa, shavu limevimba. Pelagia aliwasimamisha watoto wengine mstarini kwenye ukuta wa bweni, kila mmoja mkono begani kwa mwenzake. Recho alisimama pembeni, binti mwenye macho kiunoni mwake. Jua lilipanda, vivuli vikaingia chini ya miguu, ndege wakanyamaza, na kule katikati ya majabali jiwe likaanza kusaga. Wankyo alinyoosha mikono hewani, akafumba viganja, na wote wakaona ngozi ya viganja vyake inabonyea kama imegusana na kitu kigumu.

"Ninayo," akasema. Werema akainua panga. Kisha Wankyo akageuza kichwa, sikio kuelekea majabali.

"Subiri, Babu. Kuna mtu anakuja."

"Nani?"

"Anatikisa. Mara mbili za haraka, halafu anaachia." Aliikaza kamba viganjani. "Ni Ghati. Madam, ni Ghati, anakuja, hayuko mbali, nasikia anavyosogeza mkono, anaogopa, anavuta tena, ananiuliza nani yuko huku. Nimjibu? Madam, nimjibu?"

Watoto mstarini walianza kulia, kwa sauti ndogo, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu Wankyo alikuwa ameshaikung'uta kamba bila kusubiri ruhusa, na kutoka kule ilikotoka harufu ya maziwa mabichi ikaja sauti nyembamba, iliyochoka, sauti ambayo matron alikuwa ameisikia ikiomba maji na kusali na kucheka tangu mtoto hajaanza darasa la kwanza, inasema, "Wankyo? Ni wewe? Niambie imebaki kidogo."

Mzee Werema alimgeukia Recho, panga bado liko juu, akamwuliza kwa upole ambao hakuwa ameuonyesha tangu afike, "Mama, watoto wako wote wapo?"

Recho alitazama majabali. Alimtazama yule aliyeko kiunoni. Yule akainua uso, macho mawili meusi, safi, yametulia juu yake, yanaona doa lake na machozi yake na kila kitu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi hapa. Nakuona."

"Wote wapo," Recho alisema. "Kata."

Panga lilishuka. Wankyo alirushwa nyuma, viganja vimechanika mpaka nyama ikaonekana, na akapiga kelele mpaka sauti ikamwisha. Sauti ya kusaga ilikoma. Mzee Werema alilifunga panga lake kwenye gunia, akaifuata bodaboda iliyomleta bila kumuaga mwenye shule, na Pelagia akapanda bodaboda hiyo hiyo na begi lake.

Wankyo alirudishwa kwao, mikono imefungwa bandeji, na barua kwamba ana tabia ya uongo. Watu walikuja kutoka Musoma kumwona mtoto aliyefunguliwa macho. Walitoa ushuhuda, walipiga picha, waliimba. Mtoto aliwatazama tu.

Ilipofika katikati ya juma, mchana, Recho akiwa nyumbani anakula na binti yake, sauti ilianza nje ya dirisha. Haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya adabu, kama ya mtoto aliyefundishwa asisumbue wakubwa.

"Mama? Mkono wangu haupati kamba. Nimenyoosha kila upande. Niambie nielekee wapi."

Recho aliacha tonge. Viganja vidogo vilikuwa vinapapasa ukuta kwa nje, vinafika kona, vinarudi. "Mama, nimesikia sahani. Upo. Nielekeze tu, nitafika mwenyewe."

Aliyekaa mezani alikuwa ameacha kupumua. "Mwelekeze," akasema. "Wewe si ndiye unawafundishaga njia?"

Recho aliinuka. Miguu ilimfikisha dirishani. Nje hakuona mtu, ila vumbi lilikuwa na alama za vidole vya miguu, chini kabisa ya dirisha, zikielekea kwake. Angeweza kusema ingia, mwanangu, mlango uko kulia kwako. Maneno hayo alishamwambia mara nyingi maishani, yalikuwa mdomoni tayari.

"Geuka nyuma, mwanangu," alisema. "Nyoosha moja kwa moja. Ukigusa jabali, ingia katikati."

Nje, viganja viliacha kupapasa ukuta.

"Asante, Mama," Ghati akasema, na alama za vidole zikageuka.